Kete 64, Mashimo 32

Iandike polepole, usiruke sifuri: 9,900,582,591,005,555,469,968,805. Ni namba yenye tarakimu 25, na imo ndani ya kila bao la Kiswahili, liwe lile lililochongwa kwa ustadi na kupakwa mafuta, liwe vishimo vya mchangani vilivyochimbwa na watoto kwa vidole. Ni jumla ya namna zote ambazo kete 64 zinaweza kukaa ndani ya mashimo 32. Hakuna mtu aliyewahi kuzipanga zote, wala hatatokea. Hata hivyo namba yenyewe inajulikana mpaka tarakimu ya mwisho, na tabia zake zinajulikana: kipi kinaigawa, kipi hakiigawi, na kwa sababu gani. Makala hii ni ya kuusifu ufundi wa kukijua kitu kikubwa bila kukipitia chote. Ufundi huo anao mcheza bao, anao pia mtu wa hesabu, ingawa ni nadra wawili hao kuketi pamoja.

Tuanzie Lupaso. Kijiji hiki cha Masasi wengi wanakijua kwa jina la Rais wa zamani Benjamin William Mkapa, aliyezaliwa huko tarehe 12 Novemba 1938 na kuzikwa huko huko Julai 2020. Mwenyeji lakini ana mengine ya kukuonyesha. Kuna mikorosho, na kuna udongo wa kichanga ambao mkorosho unaupenda. Mji wa Masasi una milima yake ya mawe iliyochomoza ghafla kutoka tambarare, na upande wa mashariki ardhi inapanda kwenda Newala, juu ya uwanda wa Makonde, nyumbani kwa watu waliolitangaza jina lao duniani kwa vinyago vya mpingo. Kuanzia Oktoba mpaka Desemba si rahisi kumpata mtu mwenye nafasi, maana korosho zinaokotwa, zinaanikwa na kupelekwa kwenye mizani ya chama cha msingi. Zikishaingia ghalani na stakabadhi ikatoka, mtu anaweza kukaa chini ya mwembe na kuliweka bao katikati.

Mchanga huo huo una faida nyingine. Mtoto wa Lupaso hahitaji kununua ubao. Anakwangua vishimo safu nne, kila safu vinane, anaokota kokoto 64, na bao limekamilika. Kete za asili ni komwe, mbegu ngumu ya kijivu inayong'aa, lakini hesabu haibagui. Komwe au kokoto, shimo la mninga au la mchanga, namba ni ile ile.

Kabla ya kuingia kwenye hesabu, tumtazame kwanza fundi wa bao, maana yeye ndiye wa kwanza kuishi na namba hii. Kila mchezaji anamiliki safu mbili, ya mbele na ya nyuma. Shimo la tano kutoka kushoto kwake katika safu ya mbele ndiyo nyumba, na wachongaji wengi hulipa umbo la mraba lisifanane na mengine. Mashimo mawili ya mwisho ya safu hiyo, la kushoto kabisa na la kulia kabisa, ni vichwa. Mchezo unaanza na kete sita ndani ya nyumba, mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata kulia kwake, na kete 22 mkononi mwa kila mmoja. Hatua ya kwanza ni kunamua: kila zamu unaingiza kete moja ubaoni. Kete za mkononi zikiisha, zote 64 zimo mashimoni na mchezo umeingia hatua ya mtaji.

Sasa tazama mkono wa mtu aliyebobea. Amekula kete tano kutoka shimo la katikati la mpinzani, kwa hiyo ana hiari ya kuanza kuzigawa kutoka kichwa cha kushoto au cha kulia. Yeye hahesabu. Anajua kwamba tano zikianzia kushoto, ya mwisho inaangukia ndani ya nyumba yake. Angekuwa amekula nne, angejua kwamba zikianzia kulia ya mwisho inaangukia mle mle, kwa sababu nyumba ni ya tano kutoka upande mmoja na ya nne kutoka upande mwingine. Halafu linakuja swali la pili, nalo amelijibu kabla vidole havijaziachia kete: shimo la mpinzani linalotazamana na nyumba lina kitu? Likiwa na kete, anakula tena na safari inaendelea. Likiwa tupu, na bado wako kwenye kunamua, ana hiari ya kulala hapo au kuivunja nyumba na kuzisafirisha kete zake zote. Mgeni akitazama anaona kete zinazunguka tu. Fundi ameona mwisho wa mzunguko kabla haujaanza.

Ubingwa wa namna hii umewahi kuandikiwa kitabu. Mtafiti Mdachi Alex de Voogt aliketi na mabingwa wa Zanzibar, na mwaka 1995 akatoa mjini Leiden utafiti mzima kuhusu akili ya mcheza bao na mipaka yake. Mipaka hiyo ndiyo inayotuleta kwenye namba yetu, maana mtu anayecheza bao anatembea ndani ya msitu wenye miti septilioni tisa na ushei, naye anapita humo bila ramani na bila kupotea.

Namba hii inapatikanaje? Anza na bao dogo kuliko yote: mashimo mawili, kete nne. Shimo la kwanza linaweza kuwa tupu, au kuwa na moja, mbili, tatu au nne, na la pili linachukua zinazobaki. Namna tano, basi. Nenda kwenye mashimo manne na kete nane. Hapa ukijaribu kuorodhesha utachoka na utaruka baadhi, kwa hiyo tafuta njia nyingine. Panga kete nane kwenye mstari mmoja, kisha chukua vijiti vitatu vya kuzitenganisha. Kete zilizotangulia kijiti cha kwanza ni za shimo la kwanza, zilizo kati ya kijiti cha kwanza na cha pili ni za shimo la pili, na kuendelea hivyo. Vijiti viwili vikikaa bega kwa bega, shimo la kati yao ni tupu. Kete nane na vijiti vitatu ni vitu 11 katika mstari, na swali lote limebaki moja: vijiti vitatu vikae nafasi zipi kati ya hizo 11? Zidisha 11 kwa 10 kwa 9, upate 990. Kwa kuwa vijiti vinafanana na kuvibadilishana nafasi hakuleti kitu kipya, gawa kwa 3 mara 2 mara 1, yaani 6. Jibu ni 165.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Swali la mashimo limegeuzwa kuwa swali la vijiti, na swali la vijiti linajibika kwa kuzidisha na kugawa tu. Bao zima lina kete 64, na mashimo 32 yanatenganishwa na vijiti 31. Jumla ni nafasi 95. Zidisha namba zote kuanzia 65 mpaka 95, kisha gawa kwa zao la namba zote kuanzia 1 mpaka 31. Matokeo ni ile namba ya tarakimu 25.

Ukubwa wake unahitaji kipimo cha nyumbani. Msimu wa 2017/18 Tanzania ilikusanya zaidi ya tani 313,000 za korosho ghafi, nyingi zikitoka mikoa ya kusini. Kilo moja huwa na punje kama 200, kwa hiyo msimu ule ulitoa punje zinazokaribia bilioni 63. Ili kupata punje nyingi kama mipangilio ya bao moja, ungehitaji misimu trilioni 158 kama ule. Ulimwengu wenyewe unakadiriwa kuwa na umri wa miaka bilioni 13.8. Kwa maneno mengine, si suala la kuongeza juhudi. Njia ya kuhesabu moja moja imefungwa kabisa, na anayetaka kuijua namba hii lazima aingie kwa mlango mwingine.

Mlango wenyewe ni namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Tuandike juu ya mstari namba kutoka 65 mpaka 95, chini yake namba kutoka 1 mpaka 31, tuanze kukata, kama tulivyofundishwa shuleni kukata sehemu. Kila namba tasa tunaiuliza: uko mara ngapi juu, na mara ngapi chini?

Zilizo kubwa zinajibu upesi. Juu kuna 67, 71, 73, 79, 83 na 89, na chini hakuna cha kuzikata, kwa hiyo zote sita zinabaki. Kisha zinakuja zile zilizopita 31 lakini hazifiki 65. Zenyewe hazimo juu, ila mara mbili yake huenda ikawamo: 74 ni mara mbili ya 37, 82 ni ya 41, 86 ni ya 43, na 94 ni ya 47. Hizo nne zinaingia. Lakini 53, 59 na 61 zikizidishwa kwa mbili zinatoa 106, 118 na 122, ambazo zimepita 95. Kwa hiyo hazimo. Zimekosa nafasi kwa sababu ya mahali zilipokaa tu.

Ukiteremka mambo yanakuwa matamu zaidi. Namba 29 iko juu mara moja, ndani ya 87, na chini mara moja. Zinakatana, hakuna kinachobaki. Namba 31 iko juu ndani ya 93, na chini iko yenyewe, nayo imekatika. Namba 23 iko juu mara mbili, ndani ya 69 na 92, chini mara moja, basi inabaki moja. Hali ni hiyo hiyo kwa 19, ambayo imo ndani ya 76 na 95, na kwa 17, iliyomo ndani ya 68 na 85. Namba 13 iko juu mara tatu na chini mara mbili, na 11 vivyo hivyo. Namba 7 iko juu mara nne, ndani ya 70, 77, 84 na 91, na chini mara nne, ndani ya 7, 14, 21 na 28. Imefutika yote. Namba 5 iko juu mara nane, ukikumbuka kwamba 75 inazo mbili, na chini mara saba. Namba 3 iko juu mara 15 na chini mara 14.

Sasa 2. Kila kitu cha bao ni cha mbili na kuzidisha kwa mbili: wachezaji wawili, safu nne, mashimo manane katika safu, 16 ya kila mchezaji, 32 kwa jumla, kete 64. Ungetarajia namba inayozaliwa humo iwe imejaa mbili. Hesabu basi. Juu ya mstari namba 2 inapatikana mara 26. Chini inapatikana mara 26. Zinakatana zote, hata moja haibaki. Namba ya bao ni witiri.

Kinachobaki baada ya kukata ni hiki: 3 × 5 × 11 × 13 × 17 × 19 × 23 × 37 × 41 × 43 × 47 × 67 × 71 × 73 × 79 × 83 × 89. Ni namba tasa 17, na hakuna hata moja iliyojirudia. Namba kubwa kiasi hiki inayozaliwa kwa kuzidisha na kugawa namba 62 tofauti zilizojaa mbili na tatu, halafu ikatoka na kila namba tasa mara moja tu, ni kitu cha kumfanya mtu aweke kalamu chini kwanza. Na humo 2 inarudi kwa mlango wa nyuma. Ukitaka kuunda namba yoyote inayoigawa namba ya bao bila baki, kwa kila moja ya zile 17 una hiari mbili: uiingize au uiache. Mbili ikizidishwa kwa yenyewe mara 17 ni 131,072, na ndiyo idadi kamili ya namba zinazoigawa.

Mwenye shaka anaweza kujithibitishia kwa kalamu, bila mashine. Gawa tarakimu katika mafungu ya tatu tatu kama zilivyoandikwa, kisha anza kulia na uchukue fungu moja ukiruka moja: 805, 469, 005, 582 na 9. Jumla yake ni 1,870. Yale uliyoruka ni 968, 555, 591 na 900, jumla 3,014. Tofauti ya jumla hizo mbili ni 1,144, nayo ni 8 mara 11 mara 13. Kwa kipimo hiki namba ya bao inagawanyika kwa 11 na kwa 13, wala haigawanyiki kwa 7, sawasawa na tulivyopata kwa kukata. Ukijumlisha mafungu yote tisa bila kuruka unapata 4,884, ambayo ni 37 mara 132, na 37 imethibitika. Tarakimu ya mwisho ni 5, kwa hiyo 5 imo na 2 haimo. Jumla ya tarakimu zote 25 ni 123, inayogawanyika kwa 3 lakini si kwa 9. Namba ya tarakimu 25 imekaguliwa kwa dakika chache kwenye kipande cha karatasi.

Mwaka 1852 mwanahisabati Mjerumani Ernst Kummer alionyesha njia fupi zaidi ya kukata. Ukitaka kujua 2 imebaki mara ngapi, andika 31 na 64 kwa mfumo wa mbili, zijumlishe, na uhesabu umebeba mara ngapi. Idadi ya kubeba ndiyo jibu. Kwa mfumo huo 31 ni 11111 na 64 ni 1000000. Jumla ni 1011111. Hakuna kubeba hata mara moja, kwa hiyo hakuna 2 hata moja.

Hesabu hiyo inatosheleza, lakini haimridhishi mcheza bao. Yeye atauliza: sawa, zimekatana, ila bao lenyewe linasema nini? Jibu lipo, na linaonekana kwenye mashimo.

Chukua mpangilio wowote wa kete. Zungusha ubao ili upande wako uwe wa mpinzani na wa mpinzani uwe wako. Unapata mpangilio mwingine, ambao ni mwenza wa ule wa kwanza. Mipangilio inayokwenda kwa jozi hivi haiwezi kuifanya jumla kuwa witiri, kwa hiyo tuiweke kando. Inabaki ile ambayo ukizungusha ubao hakuna kinachobadilika, yaani pande mbili zinafanana shimo kwa shimo. Kuijua yote yatosha kutazama upande mmoja: mashimo 16, kete 32. Iko mipangilio 751,616,304,549 ya namna hiyo. Bao limekunjwa mara moja.

Likunje tena. Katika ile iliyobaki, badilisha safu ya mbele na ya nyuma. Inayobadilika ina mwenza, itoke. Inabaki ile ambayo safu ya mbele na ya nyuma zinafanana: mashimo 8, kete 16, mipangilio 245,157. Kunja mara ya tatu, kushoto kukutane na kulia: mashimo 4, kete 8, na hapa tunakutana na ile 165 ya vijiti vitatu. Kunja mara ya nne: mashimo 2, kete 4, mipangilio 5. Kunja mara ya tano: shimo moja, kete mbili, mpangilio mmoja tu.

Mpangilio huo mmoja, uliokunjuliwa ukarudi kuwa bao zima, ni ule ambao kila shimo lina kete mbili. Mingine yote, septilioni kwa septilioni, imeondoka kwa jozi katika hatua moja au nyingine. Huo peke yake hauna mwenza, na ndio unaoifanya namba ya bao kuwa witiri.

Kila mtoto aliyewahi kufundishwa bao anaujua. Bao la kujifunza, lile wanaloanzia watoto kabla ya kunamua na kabla ya sheria za nyumba, huanza kwa kuweka kete mbili mbili katika kila shimo. Mpangilio ambao hesabu inaufikia mwisho kabisa, baada ya kukunja mara tano, ndio ambao mwanafunzi wa bao anaupanga siku ya kwanza. Aliyebuni bao la kujifunza hakuwa akitafuta witiri na shufwa. Alitaka mwanzo ulio sawa kwa kila shimo na kwa kila mchezaji. Lakini usawa kamili katika bao ni mmoja tu, na yeyote anayeutafuta, kwa mkono au kwa kalamu, atafika pale pale.

Kuna pambo jingine katika kukunja huko. Namba 245,157 inaigawa 751,616,304,549 bila baki, na hii nayo inaigawa namba ya bao zima bila baki. Ya kwanza ni 3 × 11 × 17 × 19 × 23. Ongeza 37, 41, 43 na 47 unapata ya pili. Ongeza 5, 13, 67, 71, 73, 79, 83 na 89 unapata bao zima.

Tuwe wakweli kuhusu kile ambacho namba hii haisemi. Haisemi ni zamu ya nani, wala kama nyumba bado ipo au imeshavunjwa. Inahesabu hata mipangilio ambayo mchezo wa kweli hauwezi kuifikia na kuendelea, kama ule wa kete zote 64 kulundikana katika shimo moja la nyuma, maana mtu asiye na kete safu ya mbele ameshashindwa. Pia inahusu bao lililojaa tu. Wakati wa kunamua, kete nyingi zikiwa bado mkononi, hesabu ni nyingine.

Lakini kuna jambo kubwa inalolisema kwa hakika, nalo ni kwamba mipangilio ina mwisho. Katika bao, mgao mmoja unaweza kuzaa mwingine na huo ukazaa mwingine, na watafiti wa michezo ya aina hii wameonyesha kwamba ipo mizunguko isiyokoma yenyewe. Mzunguko kama huo unawezekana kwa namna moja tu: mahali fulani kete zimerudi katika mpangilio uliokwisha kupita, mkono ukiwa kwenye shimo lile lile, na kuanzia hapo safari inajirudia milele. Kwa sababu mipangilio ina idadi, mchezo hauwezi kwenda mbele daima bila kurudia ulikopita.

Watu huwasifu mafundi wa bao kwa kumbukumbu, na wanahisabati kwa akili za kuhesabu. Kwa maoni yangu sifa zote mbili zimekosea shabaha. Hakuna kumbukumbu inayobeba mipangilio ya tarakimu 25, na hakuna hesabu ya moja moja inayoifikia. Fundi wa bao anajua cha kutazama: vichwa, nyumba, shimo linalotazamana na nyumba, tano kutoka kushoto na nne kutoka kulia. Mengine anayaacha, na ujuzi wake umo katika kujua nini kiachwe. Mwanahisabati naye anaacha kete na kutazama vijiti, anaacha vijiti na kutazama namba tasa, anaacha jozi zote na kubaki na mpangilio mmoja. Wote wawili wanafika kwa kupunguza.

Ndiyo maana naona ajabu kwamba bao na somo la hisabati vinaishi mbalimbali. Mtoto anatoka darasani alikohangaika na kukata sehemu, anakwenda kuchuchumaa kwenye vishimo ambavyo ndani yake mna kukata sehemu kwa hali ya juu kabisa, na hakuna aliyemwambia. Kwa hiyo ninalo ombi kwa walimu wa Lupaso, wa Masasi yote na wa Newala, ambako mchanga ni wa bure. Siku moja toeni wanafunzi nje. Wachimbe mashimo mawili, wapewe kokoto nne, watafute namna zote: ni tano. Wachimbe manne, wapewe nane: ni 165, na vijiti vitatu vitawaokoa. Kisha waambieni wachimbe mashimo matatu na kuchukua kokoto sita. Watapata namna 28, namba shufwa, ingawa kila shimo bado linaweza kupata mbili mbili kama katika bao la kujifunza. Kwa nini pale jumla ni witiri na hapa ni shufwa? Msiwajibie. Waacheni wakunje wenyewe.